Kazi ya Marehemu: Hakuna

Muslimo alifanya kazi miaka kumi na tisa. Alifariki Jumanne asubuhi, akazikwa alasiri, na kufikia magharibi alikuwa hajawahi kufanya kazi hata siku moja.

Hilo la mwisho mumewe, Adow, alilijua baadaye sana. Siku ile alijua jambo moja tu. Saa nne alisimama kwenye lango la kichinjio na chupa ya chai mkononi, kama kila siku, na lango halikufunguliwa.

Kichinjio ni cha Haji Siyad, nje kidogo ya mji wa Garissa. Pale ng'ombe akishachinjwa, kila kitu kina mwenyewe. Ngozi ina mwenyewe, nyama ina mwenyewe, kichwa na miguu vina mwenyewe, hata pembe zina mtu anayezifuata na gunia. Kisicho na mwenyewe ni kile kilichomo tumboni. Hicho ndicho kilikuwa cha Muslimo na wenzake saba. Walikimwaga, wakayakwangua matumbo, wakayaosha, wakayabeba kwa karai hadi upande wa pili, wakarudi. Njiani palikuwa na mfereji wa kupitishia damu na maji machafu. Mfereji haukuwa na kifuniko. Kifuniko kilikuwa kimeagizwa. Kiliagizwa mwaka ambao Muslimo alianza kazi.

Gambuti zilikuwepo, mtu asije akasema hazikuwepo. Jozi nane, nyeupe, mpya. Zilikaa stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa mfukoni mwa Abdihafid, mpwa wa Haji Siyad, ambaye ndiye meneja. Wakaguzi wakija, gambuti zilitoka. Wanawake walizivaa, wakapigwa picha wamesimama mstari mmoja, wakazivua, Abdihafid akazihesabu na kuzirudisha zikiwa safi kuliko alivyozitoa. Ramlo, aliyeosha matumbo bega kwa bega na Muslimo, alikuwa akisema, "Serikali ikija, miguu yangu inajua kabla ya masikio."

Jumanne ile serikali haikuja. Muslimo alivaa slipa zake. Alibeba karai lililojaa, akakanyaga mafuta, akaanguka kinyumenyume, na kisogo kikapiga ukingo wa mfereji. Slipa moja ilitolewa mferejini na Ramlo. Aliiosha kwanza, ndipo akampelekea Adow.

Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wao wawili. Walitoka upande wa Rhamu baada ya ukame kumaliza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha ngamia wa mwisho akawa nauli. Huko Garissa, Adow alikuwa dalali wa mifugo, na alikuwa dalali mbaya. Dalali anatakiwa kuapa, kulia, kumsifu ng'ombe aliyekonda kana kwamba ni bibi harusi. Adow aliulizwa, "Huyu ng'ombe vipi?" akajibu, "Mgonjwa." Siku nyingi alirudi nyumbani mikono mitupu. Muslimo alirudi na matumbo kwenye mfuko wa plastiki. Walikula.

Kwa hiyo kila siku saa nne Adow alimpelekea chai langoni. Hakuwahi kumwambia asante. Alimpelekea chai.

*

Miezi kumi baada ya maziko alipata cheti cha kifo. Adow hakusoma. Alikipeleka kwa Sagal, msichana mwenye duka la fotokopi karibu na soko, ili kifunikwe plastiki kisiharibike.

Sagal alikisoma kwanza. Ni tabia yake. Barua za nusu ya mji zimepita machoni pake, na ndiyo maana watu humsalimia kwa heshima.

"Adeer," akamwambia, maana mzee wa rika la baba huitwa hivyo, "hapa wameandika mke wako alizaliwa tarehe moja Januari."

"Sote tusiojua siku yetu tulizaliwa siku hiyo."

"Sawa. Lakini kwa mwaka walioandika, ulimwoa miaka miwili kabla hajazaliwa."

"Alikuwa mzuri," akasema Adow. "Sikutaka kuchelewa."

Sagal akacheka, akaendelea kushuka na kidole, kisha kidole kikasimama.

"Kuna nini?"

"Hapa kwenye kazi. Kazi ya marehemu." Akamtazama. "Wameandika, hakuna."

Adow aliuliza ni wapi. Sagal akamwonyesha. Ni neno fupi. Adow alilitazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akitazama alama ya moto kwenye paja la ngamia kujua ni wa nani.

"Nani amesema hivyo?"

"Aliyempeleka hospitali ndiye huulizwa. Jina, umri, kazi."

Aliyempeleka hospitali ni Abdihafid, kwa pikapu ya nyama.

"Nikifunike plastiki?"

"Usifunike," akasema Adow.

*

Abdihafid alimpokea vizuri. Alimkalisha kwenye kiti, akaagiza soda, akasema innalillahi mara mbili. Kisha akafungua kitabu kikubwa.

"Adeer, mimi nakuheshimu kama baba. Lakini tazama mwenyewe. Hawa ni wafanyakazi wa kichinjio. Wachinjaji kumi na wawili. Dereva. Mlinzi. Mimi. Muslimo yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuonyesha kwamba hayumo. Wale kina mama huja wenyewe. Wanakuja asubuhi, wanaosha, wanapewa kitu kidogo, wanaondoka. Ni kama msaada. Haji ana huruma, hawezi kuwafukuza."

"Miaka kumi na tisa."

"Huruma yake ni kubwa."

Adow akanywa soda. Nje ya dirisha walisikika wanawake wakikwangua matumbo kwa msaada.

"Wasipokuja kesho?" akauliza.

"Nani?"

"Hao wa msaada. Wasipokuja, matumbo ataosha nani?"

Abdihafid alifunga kitabu. "Adeer, soda yako imekwisha."

Langoni Adow alimsubiri Ramlo, akampa chai. Tangu msiba, chai ya saa nne aliinywa Ramlo. Hawakulizungumzia. Adow alikuja nayo kwa sababu miguu ilizoea, na Ramlo aliinywa kwa sababu haifai kumwagwa.

"Utasema?" Adow akamuuliza. "Kwamba alifanya kazi hapa?"

"Kwako nasema. Kwa Mungu nasema." Ramlo alipuliza chai. "Nikisema ofisini, walaal, ndugu yangu, kesho karai langu litashikwa na mtu mwingine. Wenzangu wote ni hivyo hivyo. Usitukasirikie."

"Sikukasirika."

"Basi kasirika kidogo. Ukinyamaza hivyo unaniumiza zaidi."

*

Adow akaambiwa ipo ofisi ya mambo hayo. Kila jambo lina ofisi. Alikwenda kwenye ya kwanza, akatumwa ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza, ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa semina ya kuwahudumia wananchi haraka. Wiki ya tatu alifika kwenye dirisha lenye karani mgeni, mtu wa bara. Ikabidi aseme Kiswahili.

"Mke yangu alikufa kazini," akasema.

Karani akavuta fomu. "Mzee, hapa wanakuja wanawake waliofiwa na waume. Mume akifa kazini, mke alikuwa anamtegemea, tunaandika. Wewe ni mwanamume. Umefiwa na mke, pole sana. Lakini ulikuwa unamtegemea mke?"

Nyuma ya Adow palikuwa na foleni. Kulikuwa na wazee wawili wa ukoo wake. Kulikuwa na muuza mbuzi aliyemjua tangu soko la zamani. Wote walisogea ili wasikie mwanamume mwenye ndevu zilizopakwa hina atajibu nini.

"Ndiyo," akasema Adow.

Mtu akacheka.

"Sijasikia," akasema karani, na alikuwa amesikia.

"Yeye alinilisha. Mbaka siku ya mwisho."

Foleni nzima ikacheka. Muuza mbuzi akasema kwa Kisomali, "Kaeni vizuri, mzee anaomba mahari yake irudi!" Adow hakugeuka.

Kwenye kona ya chumba hicho palikuwa na meza ndogo, na msichana mwenye miwani, Faiza, anayesaidia watu mambo ya sheria bila malipo. Kwa kuwa ni bila malipo, meza yake haikuwa na foleni. Watu waliona haiwezi kuwa sheria ya maana.

"Adeer, njoo huku," akasema. Akamsikiliza. Ilichukua muda mfupi, maana Adow hakuwa na maneno mengi.

"Kwanza," akasema Faiza, "sheria haiulizi kama ni mume au mke. Aliyefiwa amefiwa. Pili, mtu anayekuja kila siku miaka kumi na tisa na kuambiwa osha hapa, beba pale, ni mfanyakazi, awe kitabuni au asiwe. Una haki ya kulipwa fidia."

"Sikuja kwa fidia."

"Ulikuja kwa nini?"

Adow akatoa cheti, akaweka kidole kwenye neno. Sasa alijua lilipo.

"Hili litoke."

Faiza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Litatoka tukionyesha alikuwa kazini. Tunahitaji shahidi, au karatasi ya Haji Siyad mwenyewe."

"Mashahidi wanaogopa."

"Na Haji?"

"Haji haandiki kitu."

"Basi tuna kazi. Madai yanapokelewa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wako umebaki wiki tano."

*

Habari ilimfikia Haji Siyad kabla Adow hajafika nyumbani. Garissa ni mji mkubwa, lakini si kwa jambo kama hilo.

Haji hakuipenda serikali. Serikali inauliza maswali na inaandika majibu. Aliona afadhali wazee. Akatuma ujumbe mtamu: sisi sote ni watu wa hapa, kwa nini tupelekane kwa wageni, damu imemwagika kwa bahati mbaya, wazee wakae waamue mag. Mag ni fidia ya damu, kwa hesabu ya ngamia, kama ilivyokuwa tangu zamani.

Wazee wakakaa. Walikaa kwenye ukumbi wa hoteli wenye feni, saba upande huu na saba upande ule, na Haji ndiye aliyelipia. Upande wa Adow walikuja ndugu wa ukoo ambao hakuwahi kuwaona wakati wa njaa. Mmoja alimkumbatia akalia sana, kisha akauliza marehemu aliitwa nani.

Kwanza walikula. Nyama ya ngamia, wali, ndizi pembeni. Kisha wakajadili mambo mazito. Mzee mmoja alisema mwanamke ni nusu ya mwanamume kwa hesabu ya ngamia. Mwingine akasema hapa hakuna aliyeua, ni sakafu iliyoua, na sakafu haikuwa na nia mbaya. Wa tatu akauliza kama sakafu ni ya ukoo gani. Kati ya wazee kumi na wanne, mwenye ngamia alikuwa mmoja, na ngamia mwenyewe alikuwa ameazimwa. Hesabu hata hivyo ilikwenda vizuri, maana ngamia wasiokuwepo ni rahisi kuwagawanya.

Chai ilipoletwa, Haji Siyad alisogeza kiti karibu na Adow. Akaitandaza shuka yake juu ya magoti yao wawili, akaingiza mkono chini.

Ndivyo wanavyopatana sokoni. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo husema bei, ili walio kando wasijue. Kidole kikibanwa ni kiasi hiki, viwili ni kiasi hiki. Aliyekubali hubana naye. Asiyekubali huachia.

Haji alibana vidole viwili vya Adow. Adow akaachia.

Akabana vitatu. Adow akaachia.

Haji akatabasamu kwa wazee, huku akibana vinne. Mkono wa Adow ulilala kwenye wake kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa. Akabana mkono mzima. Ukalala vile vile. Jasho likaanza kumtoka Haji chini ya kofia. Miaka arobaini ya biashara, hajawahi kukutana na dalali mgumu namna hii. Na wote sokoni walimwambia huyu ni mjinga!

"Wewe mtu," akanong'ona, "unataka nini?"

Adow akautoa mkono wake nje ya shuka, mbele ya wote. Hilo si adabu. Wazee wakakohoa.

"Ngamia mmewataja ninyi," akasema. "Mimi nataka iandikwe alikuwa anafanya kazi gani."

"Iandikwe?"

"Iandikwe."

"Na kingine?"

"Basi."

Haji Siyad alicheka mpaka feni ikasikia. "Maneno! Wallahi, ndugu zangu, mmemsikia? Mtu anaacha ngamia anachukua maneno! Abdihafid! Kalamu!"

Abdihafid alikuwa amesoma, na kalamu ilikuwa nzito mkononi mwake. "Abti," akamwambia mjomba wake, "labda tuandike tu marehemu amefariki, familia imesamehe—"

"Haiandikwi hivyo," akasema mzee mkubwa kuliko wote, yule aliyeuliza habari za sakafu. "Hati ya mag huandikwa jina lake, jina la baba yake, jina la mama yake. Alifia wapi. Alikuwa anafanya nini, na alikuwa anamfanyia nani. Ukiacha shimo, mwakani watakuja wajomba zake wadai upya, waseme hati hii ni ya kifo kingine."

Haji akaruka kitini. Kulipa mara moja ni mtihani wa Mungu. Kulipa mara mbili, hapana!

"Andika yote, wewe kijana! Ziba kila shimo!"

Adow alimtazama. Mfereji ulikaa wazi miaka kumi na tisa, na karatasi inazibwa kabla chai haijapoa.

Abdihafid akaandika. Haji akatia sahihi. Wazee wakatia sahihi na vidole gumba, na Adow naye akaweka chake chini ya neno la msamaha. Chifu, aliyekuwa anamalizia ndizi, akagonga muhuri. Hati ikasomwa mara tatu kwa sauti, na mara zote tatu Adow alifumba macho.

"Nataka nakala," akasema.

"Mpe hata kumi!" akasema Haji.

Kuhusu ngamia wachache ambao Haji aliwatoa ili mag itimie, habari ni fupi. Walipitia kwa wazee, wakapitia kwa ndugu aliyelia, wakapitia kwa ndugu wa ndugu. Kilichomfikia Adow ni paja moja. Alimgawia Ramlo nusu.

*

Sagal alimsomea hati dukani, amesimama.

"Muslimo, mfanyakazi wa kichinjio cha Haji Siyad kwa muda wa miaka kumi na tisa, alifariki akiwa kazini humo, akibeba karai la matumbo kwa amri ya kazi."

"Rudia."

Akarudia.

"Basi," akasema Adow, akaanza kuikunja.

"Basi nini? Adeer, cheti bado kinasema hakuna. Hati hii uliyonayo wewe nyumbani nani ataiona? Mpelekee Faiza."

"Niliweka kidole kwamba yamekwisha."

"Mpelekee."

Faiza aliisoma mara moja, akaisoma tena, akaweka kiganja kwenye kinywa. "Nani amewaandikia hivi?"

"Wao."

"Wenyewe?"

"Walitaka kuziba mashimo."

Mwaka ulikuwa umebaki siku tisa. Faiza akapeleka madai.

Siku ya kusikilizwa, Haji Siyad alileta wakili kutoka Nairobi, mtu wa viatu vinavyong'aa ambavyo vumbi la Garissa lilivionea huruma hadi mlangoni tu. Afisa aliyekaa mbele aliwauliza wanasemaje.

"Mteja wangu hamjui mwanamke huyu," akasema wakili. "Hakuwahi kumwajiri. Kitabu hiki hapa."

Adow alikuwa kwenye benchi. Slipa ya Muslimo, ile moja, ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Hakuna aliyemwambia ailete.

Faiza akatoa hati. Abdihafid alipoiona aligeuka ukutani kusoma kalenda.

Wakili aliisoma haraka, akaanza na mwisho, kama wasomavyo watu wenye haraka. Uso ukamng'aa. "Mheshimiwa, shukrani kwa rafiki yangu! Hii inamaliza kesi. Familia imesamehe mbele ya wazee na chifu. Ona muhuri."

"Kwa hiyo mnaikubali hati hii?" akauliza Faiza. "Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli kabisa."

"Sahihi ni ya Haji?"

Haji Siyad alisimama mwenyewe, mkono kifuani. "Ni yangu! Mimi sikatai sahihi yangu. Mashahidi kumi na wanne!"

"Basi naomba isomwe kuanzia juu."

Afisa akaisoma. Alipofika kwenye miaka kumi na tisa, wakili aliomba kuiona tena. Alipofika kwenye karai la matumbo, wakili alikaa. Akamwuliza Abdihafid kwa sauti ya chini nani ameandika upuuzi huu, na Abdihafid akasema ni utamaduni.

Afisa alisema haki ya sheria haifutwi kwa chakula cha mchana. Sehemu inayosema familia imesamehe haimfungi mtu hapa. Sehemu inayosema marehemu alikuwa mfanyakazi wake, mwenye sahihi ameikiri sasa hivi, amesimama.

Nje, Haji alimfuata Adow hadi kwenye tuktuk. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, kama mtu aliyeibiwa na mtoto.

"Adow, tulipatana!"

"Tulipatana uandike," akasema Adow. "Umeandika."

"Lakini maneno tu!"

Adow akapanda tuktuk.

*

Fidia ilikwenda kwa mwendo wake, kutoka meza hadi meza, na haimo katika habari hii. Cheti kilirekebishwa. Mwaka wa kuzaliwa haukurekebishwa. Kwa huo lazima ifunguliwe faili nyingine, na Adow alisema auache, yeye na Muslimo wanajua walivyooana.

Alikipeleka kwa Sagal. Sagal alitafuta mstari, akakishika kidole cha Adow, kidole kile kile chenye wino wa ofisi zote, akakiweka mahali.

"Hapa. Kazi ya marehemu. Mfanyakazi wa kichinjio."

Kidole kilikaa pale. Wateja wawili walikuja, wakahudumiwa, wakaondoka. Kidole bado.

"Sasa nikifunike plastiki?"

"Funika."

Saa nne alikuwa langoni na chupa ya chai. Ramlo alitoka akiwa amevaa gambuti. Adow aliziangalia.

"Usifurahi," akasema Ramlo. "Wakaguzi wako ndani. Tangu kesi yako wanakuja kila wiki, mpaka kidole changu gumba cha mguu kimetoa lengelenge. Hazinitoshi. Zilinunuliwa kwa picha." Akaketi kwenye jiwe, akapokea kikombe. "Haya, nionyeshe."

Ramlo naye hakusoma. Adow akamwonyesha mstari, jinsi alivyoonyeshwa. Ramlo alipitisha mkono juu ya plastiki, mkono unaonuka matumbo hata ukioshwa kwa sabuni gani.

"Maashallah, Muslimo," akasema. "Umeajiriwa."

Wakanywa chai. Ndani Abdihafid alisikika akimweleza mtu jinsi kampuni inavyothamini kina mama.

"Adow."

"Haa."

"Mimi nina miaka ishirini na moja hapa. Kitabuni simo. Yaani mpaka nife kwanza ndipo nami niandikwe?"

Adow alimaliza kikombe chake. Alifunga chupa ya chai, akaifuta mdomo kwa ncha ya shuka. Kisha akasimama.

"Wenzako wangapi wako ndani?"

"Sita. Na yule mpya aliyeshika karai la Muslimo."

"Waite," akasema. "Na gambuti msivue. Twende kwa Sagal, awaandike mngali hai."